Jumapili ya Kompyuta Bubu

Barua ilimfikia Ramlah siku ya Jumatatu, na kompyuta yake ndiyo iliyomsomea. Ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema kwamba amechaguliwa kuwa mmoja wa watu sita watakaofanyiwa mtihani wa kazi ya kutunza kumbukumbu katika shirika moja dogo la afya huko Mbale. Ya pili ilisema mtihani ni Jumatatu inayofuata, saa tatu asubuhi. Ya tatu aliirudia mara nne. Shirika limeacha kutumia Windows, ilisema. Kompyuta zake zote sasa zinatumia Linux, toleo jipya la mwaka huu, na mtahiniwa asiyeona aje na kompyuta yake mwenyewe yenye mfumo huo huo, ikiwa tayari kwa kazi.

Ramlah alikuwa na miaka thelathini na minne. Macho yalianza kumfifia akiwa na ishirini na sita, wakati ule ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi pale Jinja. Madaktari walisema ni presha ya macho, na waliposema walikuwa wamechelewa. Tangu hapo aliishi katika chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, Kadija, akajifunza kompyuta upya kwa masikio. Programu ilimsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini, naye aliandika kwa vidole kumi bila kukosea. Mwaka uliotangulia kampuni moja ilimwita kwenye usaili, ikamketisha mbele ya kompyuta isiyosema. Aliwaeleza. Wakamwambia ajitahidi. Alikaa dakika arobaini, mikono mapajani, akisikia wenzake wakigonga vibonye kulia na kushoto, mpaka mtu akamgusa bega na kumwambia muda umekwisha. Na sasa tangazo la Mbale lilitaka watu wasiotimiza miaka thelathini na mitano. Ilibaki miezi miwili aifikishe.

Kompyuta aliipeleka kwa Ibra, mume wa binamu yake, aliyekuwa na kibanda cha ufundi mjini.

"Shemeji, hii Linux ni kitu kingine kabisa," Ibra alimwambia. "Si kuongeza juu ya ulichonacho, ni kung'oa na kupanda upya. Na flashi niliyonayo ina toleo la zamani. Nitaliweka hilo kwanza, halafu nitalipandisha kwa mtandao mpaka lifike hili jipya wanalolitaka."

"Na sauti?"

"Sauti imo ndani yake. Usiwe na wasiwasi."

Kazi ilichukua siku mbili. Jumamosi adhuhuri Ramlah alikaa kibandani akaisikia kompyuta ikisema, kwa sauti ngeni, kavu, kama ya mtu anayeongea akiwa amebana pua. Alijifunza vibonye vipya saa nzima. Ibra akaizima, akamkabidhi. "Tayari, shemeji. Nenda ukawaonyeshe." Jioni ile ile Ramlah akawa Mbale, mtaa wa Nkoma, kwa Phiona, rafiki yake wa tangu shule, ambaye sasa alikuwa muuguzi na aliishi na mama mkwe wake aitwaye Nandutu.

Jumapili asubuhi Phiona alikwenda zamu. Kabla ya kutoka alimwonyesha Ramlah meza, soketi ya umeme na njia ya chooni, kisha akamnong'oneza kuhusu mama mkwe wake, "Mayi hazungumzi sana. Kiganda chake kinaishia kwenye salamu. Kiswahili anakijua, ila hapendi. Usimfikirie vibaya."

Ramlah aliifungua kompyuta, akaiwasha, akangoja ile sauti ya pua.

Haikuja.

Alingoja dakika tano. Akabonyeza vibonye vya kuamsha sauti alivyofundishwa. Kimya. Akaizima, akaiwasha. Aliweka kiganja juu yake akasikia feni ikizunguka na joto likipanda, kwa hiyo ilikuwa hai, lakini haikutamka kitu. Aliizima na kuiwasha mara saba, na kila mara aliahidi moyoni kwamba hii ndiyo ya mwisho, kisha akajikuta anairudia.

Akampigia Ibra. Ibra alikuwa Budondo, mazishini, na sauti yake ilikuja ikikatika.

"Skrini inaonyesha nini?"

"Ibra, unaniuliza mimi?"

"Nisamehe. Hakuna mtu hapo?"

Kulikuwa na mtu. Ramlah alisikia kandambili zake uani tangu alfajiri. Akaita, "Mama! Mama, naomba unisaidie."

Nandutu aliingia akasimama mlangoni. Alinukia moshi wa kuni. "Unataka nini, Lamula?" Ndivyo alivyolitamka jina lake.

"Naomba uniangalizie hii. Ikoje?"

Nandutu akainama. "Iko nyeusi. Nyeusi yote. Maandishi nyeupe kidogo iko huku juu. Na kamstari kadogo kanapepesa, kama mtu ananikonyeza."

Ramlah aliyarudia maneno hayo kwenye simu.

"Shemeji," Ibra akasema, "umeme ulikatika Ijumaa, mtandao ukakatika nao, kupandisha toleo kukiwa katikati; mashine ikabaki hai kwa betri. Uliporudi, mashine ikawa inasema vizuri tu, nikaona imejimalizia. Kumbe haikumaliza. Ilikuwa inaishi kwa yale iliyokuwa nayo kabla ya kuzimwa. Sasa imezimwa, ikiamka haina pa kusimama."

"Ulijua, na hukuniambia?"

"Nilidhani..."

"Nina mtihani kesho saa tatu, Ibra. Kesho!"

"Sikiliza, inatengenezeka. Andika jina lako, halafu neno la siri. Kisha kuna amri, nitakutajia." Akaitaja herufi kwa herufi, na upepo wa Budondo ukipiga kwenye simu. Maneno mengine yalifika, mengine yalimezwa. Ramlah aliyashika kwa akili, akayarudia mara mbili. Alipouliza, "Ni hayo tu?" simu ilikuwa imekwisha kukatika. Alipiga tena. Haipatikani. Akapiga mara kumi na mbili nyingine.

Aliandika jina, akaandika neno la siri, akaandika amri kama alivyoisikia, akabonyeza.

"Imesema nini, mama?"

"Imeandika."

"Imeandika nini?"

"Mimi najua soma kidogo tu. Kitabu ya nyimbo ya kanisa." Nandutu akasogeza uso karibu na skrini. "E... elolo."

"Nini?"

"Elolo. Halafu le... lekwe..."

Ramlah alilizungusha neno hilo kichwani. Hakukuwa na neno kama hilo kwa Kiingereza. "Nitajie herufi moja moja, mama."

"E. La. La. O. La."

Nandutu alifundishwa kusoma ukubwani, kwa sauti na si kwa majina ya herufi, na katika kinywa chake ile herufi ya kwanza ya Ramlah na ile ya Lamula zilikuwa kitu kimoja. Mstari mzima ulijaa la na la. Ramlah alijaribu kuziunga hivi, akazipindua vile, na kila alipouliza tena Nandutu alijibu yale yale, polepole zaidi, sauti ikizidi kwenda chini. Redio ya jirani ikatangaza saa tano. Ramlah aliiona Jumatatu imeshafika: chumba, meza, vibonye vya wengine vinagonga, mikono yake mapajani, na kiganja cha mtu kikija begani.

"Hebu soma tena," alisema. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikipanda bila ya yeye kuipa ruhusa. "Soma! Nimesema soma! Haraka!"

Kiti kikasogea. Kandambili zikatoka nje bila haraka, zikazunguka nyumba, zikanyamaza.

Ramlah akabaki na ile feni. Alilaza kichwa juu ya meza kando ya mashine. Hakulia, kulia kungekuwa nafuu. Alifikiri kumpigia mama yake, akafikiri sauti ya Kadija ikisema "mwanangu, si kitu, rudi nyumbani," na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa sababu alijua angerudi, na akirudi safari hii asingetoka tena. Angekaa katika kile chumba cha uani mpaka mama yake afe, kisha angekaa mpaka yeye mwenyewe afe. Alilala hivyo muda ambao hakuweza kuupima.

Halafu akanyanyuka. Akatafuta ukuta kwa mkono, akaufuata hadi mlangoni, akaushika ukuta wa nje, akafuata sauti ya kisu kikimenya ndizi. Alijikwaa kwenye beseni, maji yakamwagika miguuni.

"Mama, uko hapo?"

Kisu hakikusimama.

"Nisamehe. Sikuwa nakuamuru. Nilikuwa naogopa."

Kisu kikaendelea ndizi moja nzima. Kisha Nandutu akasema, "Wewe ni mtu ya wale? Wanubi?"

"Ndiyo. Babu yangu alikuwa askari, zamani, kabla ya miaka ile. Mimi nilizaliwa baadaye."

"Mimi nilikuwa nauza uji kwa lango ya kambi ya askari. Kiswahili yangu inatoka huko." Kisu kikawekwa chini. "Kaka yangu, Yekosofati, alikuwa natengeneza baskeli, njia ya soko. Askari walikuja mchana, watu naona. Moja akamwambia, 'Panda! Haraka!' Yekosofati hakujua Kiswahili. Hata moja. Akasimama tu, namwangalia. Yule akapandisha bunduki. Mimi nikaogopa watampiga pale pale. Nikamwambia kwa lugha yetu, 'Wanasema upande gari.' Mimi ndiye nilimwambia. Akapanda."

Kuku walikuwa wakichakura mahali karibu.

"Hakurudi?"

"Hakurudi."

Nyumbani kwao Jinja miaka ile ya utawala wa jeshi, ambalo Wanubi wengi walilitumikia, haikuzungumzwa. Wazee walipoigusa waliingia katika Kinubi, na watoto waliambiwa wakacheze. Ramlah alitafuta neno la kusema kwa niaba ya watu ambao hakuwajua na hakuweza kuwakana, akalikosa. Alikaa chini, palepale kwenye maji yaliyomwagika, akanyoosha mkono. Haukupokewa. Lakini haukusukumwa pia, na baada ya kitambo Nandutu aliweka ndizi ndani yake na kisu kingine, na wakamenya, mmoja akiona na mwingine akipapasa, mpaka sufuria ikajaa.

"Ulikuwa naona zamani?" Nandutu akauliza.

"Mpaka nilipofika miaka ishirini na sita."

"Basi herufi unajua sura yake."

"Najua."

"Lete mkono."

Akauchukua mkono wa Ramlah, akaufuta utomvu wa ndizi kwa kanga yake, na kwa ukucha wa kidole cha shahada akachora katikati ya kiganja: mstari wa kushuka, na juu yake kichwa kidogo kilichoinama upande.

"Hii ndiyo iko mingi," alisema.

Ilikuwa r.

Wakarudi mezani karibu wakikimbia. Nandutu aliangalia skrini, akachora. Ramlah aliitamka herufi, akaishika, akangoja inayofuata. Zile la zote ziligawanyika, hii fimbo iliyonyooka, hii fimbo yenye kichwa. Error. Kosa. Hilo la kwanza lilimvunja nguvu, lakini alisema, "Endelea, mama." Maneno matano yaliyofuata yaliwachukua karibu nusu saa. Mara mbili Nandutu alipotea mstari wakaanza upya, na kiganja cha Ramlah kikaanza kuwasha kama kimeparuzwa na majani. Yalipokamilika yalisema kwamba kazi iliyoombwa inahitaji ruhusa ya mtumiaji mkuu.

Ramlah akalirudia neno: ruhusa. Mashine haikusema amri ni mbaya. Iliuliza yeye ni nani hata aitoe.

Alijaribu kukumbuka kibanda cha Ibra siku zile mbili. Ibra alikuwa na tabia ya kunong'ona kila anachoandika. Alinong'ona nini kila alipoanza mstari? Neno fupi, lile lile, kila mara, mpaka Ramlah akamuuliza unamwita nani, naye akacheka akajibu kwamba bila hilo mashine haimtii mtu, ni sawa na kuiambia afande amesema. Sudo. Ndilo lililomezwa na upepo wa Budondo.

Akaandika sudo, akaiandika amri yote nyuma yake. Mashine ikataka tena neno la siri. Akatoa. Akabonyeza.

"Mama?"

"Ngoja." Kisha sauti ya Nandutu ikabadilika. "Maandishi inakimbia! Inapanda juu kama siafu! Siwezi soma hii, Lamula, inakimbia!"

"Iache ikimbie."

Ikakimbia robo saa. Ramlah alihesabu pumzi zake. Kisha Nandutu akasema imesimama, na mwishoni kuna alama ya kuuliza. Wakachora tena. Mashine ilikuwa ikiuliza kuhusu faili fulani: ibaki ile ya zamani au iwekwe mpya? Ramlah hakujua faili lenyewe ni la nini. Lingeweza kuwa la sauti. Lingeweza kuwa la kitu kisicho na maana. Alimpigia Ibra, haipatikani. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza katika mji mzima.

"Kabla ya alama ya kuuliza kuna nini?"

Nandutu akachora herufi moja, N, na kuizungushia mabano. Ramlah alifikiri kwamba kilichowekwa katika mabano ndicho mashine yenyewe ingechagua ikiachiwa. Hakuwa na hakika. Alibonyeza kibonye cha kuingiza kama mtu anayeruka mfereji gizani, na siafu wakaanza tena kupanda.

Saa nane na dakika kumi skrini ikarudi kwenye kale kamstari kanakokonyeza. Ramlah aliizima kompyuta, akaiwasha. Feni. Joto. Kimya. Aliweka vidole juu ya vile vibonye vya kuamsha sauti, na mara ya kwanza alikosea. Akabonyeza tena.

Ile sauti ya pua ikasema, kwa Kiingereza, kwamba msomaji wa skrini amewashwa.

Nandutu alishtuka akarudi nyuma. "Iko na mtu!"

Ramlah alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na sasa ndipo machozi yakaja, bila sauti, yakimdondokea kwenye vibonye, naye akiyafuta haraka kwa ukingo wa kitambaa cha kichwa yasije yakaiharibu mashine.

Alasiri yote alifanya mazoezi. Nandutu alileta ndizi na maharage, akakaa naye, akisikiliza. Jua lilipokuwa linateremka akauliza, "Hii inaweza andika jina ya mtu?"

"Inaweza. Jina gani?"

"Andika Yekosofati."

Ramlah akaandika. Kompyuta ikalisoma, ikaliharibu vibaya sana, na Nandutu akairekebisha kwa ukali, silabi kwa silabi, kama anavyorekebishwa mgeni. Kisha akasema andika na jina la baba yake. Andika baiskeli. Andika kwamba alivaa shati ya kijani, na kwamba ilikuwa Alhamisi. Ramlah aliandika yote kama yalivyotamkwa, bila kusahihisha Kiswahili chake hata neno moja, akalihifadhi faili, akaifanya mashine isome mara mbili Nandutu alipotaka.

Mtihani ulikuwa na kazi tano. Ramlah alimaliza nne. Ya tano ilitaka programu ambayo hakuwahi kuigusa, na sauti ya pua ilikuwa bado inamtajia orodha ya majedwali msimamizi alipotangaza muda. Alitoka akiwa na hakika ameshindwa. Alisema hivyo kwa Phiona, akasema hivyo kwa mama yake alipofika Jinja, na Ibra alipokuja kuomba radhi alimwambia kwamba amemsamehe lakini asimsemeshe kwa wiki moja.

Siku ya tisa simu ililia akiwa anafua. Mwanamke wa shirika alisema watamchukua kwa miezi sita ya majaribio, kisha wataona. Aliuliza kama angependa kufikiri kwanza. Ramlah alisema hapana, povu likimchuruzika kiwikoni.

Alianza kazi tarehe mosi ya mwezi uliofuata. Alipata chumba mtaa wa Nabuyonga, nyuma ya shule, chenye mlango unaokwama mvua ikinyesha. Siku aliyohamia Nandutu alitoka Nkoma kwa bodaboda, akamshika mkono, wakatembea pamoja mara tatu kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji, mpaka Ramlah akaijua njia. Njiani walizungumza Kiswahili.